Mstari mwekundu wa mRDT ni dhahabu: vyuo vya maabara vifundishe kuutengeneza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme jambo moja kuhusu vipimo vya haraka vya malaria, vile ambavyo kila zahanati huviita mRDT. Vinapozungumzwa hadharani huwa ni kwa lawama au kwa sifa: ama kimemwambia mgonjwa hana malaria ilhali anayo, ama kimekuwa mkombozi pale pasipo na hadubini. Ni nadra kumsikia mtu akieleza kilichomo ndani ya ile plastiki. Wanafunzi wa maabara hufundishwa kudondosha damu, kuweka bafa (majimaji maalumu yanayoisukuma damu kwenye ukanda) na kusoma mistari, basi. Ombi letu ni kwamba wafundishwe pia kukitengeneza kipimo hicho kwa mikono yao, kuanzia chumvi ya dhahabu mpaka mstari, maana matatizo mengi ya kipimo yana chanzo ambacho msomaji wa mistari hawezi kukibaini akiwa hajui kilivyoundwa.

Ule mstari mwekundu si wino wala si damu. Ni dhahabu. Chembe moja ina kipenyo cha nanomita 40 hivi, yaani zinatakiwa chembe 25,000 zilizopangwa sambamba ili kufikia milimita moja. Kwa udogo huo dhahabu huacha kuwa ya njano. Mwanga ukiipiga chembe, elektroni zake huyumba kwa pamoja, na kuyumba huko kunaafikiana zaidi na mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 525. Kijani kinamezwa, kinachobaki na kutufikia machoni ni wekundu. Michael Faraday aliandika mwaka 1857 kwamba majimaji yake mekundu yalikuwa dhahabu iliyogawanyika vipande vidogo mno, na Gustav Mie akatoa hesabu yake mwaka 1908. Madini ya fedha hufanya vivyo hivyo karibu na nanomita 400, ndiyo maana majimaji yake huwa ya njano. Faida ya madini haya mbele ya rangi za kawaida ni kubwa: chembe moja ya dhahabu ya nanomita 40 huzuia mwanga kupita kwa kiasi kinachoizidi molekuli moja ya rangi nzuri mara makumi ya maelfu. Tena haipauki.

Protini inayosakwa katika mRDT nyingi ni HRP2, ambayo kimelea cha malaria cha Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu ya mgonjwa. Kingamwili, yaani protini zinazoshika protini nyingine maalumu, ziko mbili: moja imebandikwa kwenye dhahabu, nyingine imekaushwa kwenye mstari wa T, ule wa majibu. Damu ya maikrolita 5 ikisukumwa na bafa, HRP2 hushikwa kwanza na dhahabu inayosafiri, kisha ikifika T hushikwa upande wa pili. Dhahabu inarundikana pale na mstari unaonekana. Mstari wa C, ule wa uhakiki, hukamata kingamwili ya dhahabu yenyewe, iwe imebeba protini au haikubeba. Kwa hiyo C huthibitisha kwamba majimaji yametembea na dhahabu imesafiri. Haithibitishi kwamba damu iliwekwa ya kutosha, wala kwamba kingamwili ya T bado ni nzima baada ya kipimo kukaa kwenye stoo yenye joto kali.

Sasa tuingie maabara. Kutengeneza dhahabu yenyewe ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na njia inayotumika sana, ya sitreti, iliwekwa wazi na Turkevich na wenzake mwaka 1951, kisha Frens akaonyesha mwaka 1973 jinsi ya kuchagua ukubwa wa chembe. Asidi ya kloroauriki, ile chumvi ya dhahabu tunayoanzia, hufyonza unyevu upesi na hula vijiko vya chuma, kwa hiyo usihangaike kupima miligramu chache kila mara. Fungua chupa ya gramu 1, iyeyushe yote katika mililita 100 za maji yaliyosafishwa, na utakuwa na akiba ya asilimia 1 ya kukaa muda mrefu kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji. Chukua mililita 1 ya akiba hiyo, ongeza maji mpaka mililita 100, chemsha kwenye chupa ya glasi huku kichanganyio cha sumaku kikizunguka kwa kasi. Ikichemka hasa, mimina kwa mkupuo mililita 1 ya sitreti ya sodiamu ya asilimia 1 iliyotayarishwa siku hiyohiyo. Rangi ya njano iliyofifia itapotea, itafuata ya kijivu inayoelekea bluu nyeusi, kisha zambarau, na baada ya dakika chache wekundu wa divai. Endelea kuchemsha dakika 10 zaidi, acha ipoe huku ikizunguka, rudishia maji yaliyopotea kwa mvuke.

Kwa kipimo hicho cha sitreti utapata chembe za nanomita 40 hivi. Ukiweka mililita 2 zitakuwa karibu 16. Ukiweka mililita 0.6 zitakuwa karibu 70. Wanafunzi wengi hutegemea kinyume chake. Sitreti nyingi huanzisha mbegu nyingi kwa wakati mmoja, na kwa kuwa dhahabu ni ileile, kila mbegu hupata sehemu ndogo. Sitreti ikimiminwa polepole, mbegu za kwanza hutangulia kukua na za mwisho hubaki ndogo, na majimaji yanakuwa mchanganyiko wa ukubwa usiofanana.

Kinachoharibu hatua hii mara nyingi ni uchafu wa vyombo. Chumvi kidogo ya maji ya bomba au masalio ya sabuni yanatosha kuyafanya majimaji yawe ya zambarau na yasitoke hapo. Vyombo vya glasi huoshwa kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu 3 na asidi ya nitriki sehemu 1, kisha kusuuzwa mara nyingi kwa maji yaliyosafishwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sumu: utayarishwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa glavu na miwani, kwa kiasi cha kutumika wakati huo tu, na kamwe usifungwe kwenye chupa yenye kizibo, kwa sababu chupa hupasuka. Chuo kisicho na kabati la kuvuta hewa kinunue vyombo vipya vya glasi kwa kazi hii peke yake na kuachana na asidi hizo kabisa. Hilo tunalisisitiza.

Jinsi ya kuikagua kazi ni kwa spektrofotomita ya kawaida, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa kwa kila urefu wa wimbi. Kilele kiwe karibu na nanomita 525, chembamba, na usomaji wake kwenye kivete (kichupa cha kupimia mwanga) cha sentimita 1 uwe karibu na 1. Kilele kikihamia 535 na kuwa na bega pana linaloelekea 620, chembe zimeanza kugandana, na hakuna kingamwili itakayoziokoa. Majimaji mazuri hukaa miezi kwenye friji. Yakigandishwa kwenye friza, yameisha: barafu huzisukuma chembe pamoja zikashikana.

Kubandika kingamwili ndiko kunakotaka umakini. Chembe zenye sitreti zina chaji hasi na hubaki zimetengana kwa sababu zinasukumana. Chumvi ikiingia, msukumano huo unafichwa, chembe zinashikana, wekundu unageuka bluu. Kingamwili nyingi huuzwa ndani ya bafa yenye chumvi, azidi ya sodiamu, wakati mwingine na albumini. Hizo lazima ziondolewe kwanza kwa kuchuja kupitia utando, la sivyo albumini ndiyo itakayojaa juu ya dhahabu na kingamwili ikose pa kukaa. Kisha rekebisha pH ya dhahabu iwe kati ya 8.5 na 9 kwa matone ya kaboneti ya potasiamu. Pima kwa karatasi. Elektrodi ya pH ikitumbukizwa kwenye dhahabu isiyo na kinga huziba.

Kabla ya kumwaga kingamwili ya bei kubwa kwenye dhahabu yote, fanya jaribio la chumvi. Panga vichupa vyenye mililita 0.5 ya dhahabu, weka kingamwili kwa ngazi kuanzia sifuri hadi maikrogramu 20 kwa mililita, subiri dakika 10, kisha ongeza maikrolita 50 za chumvi ya kawaida ya asilimia 10. Vichupa vyenye kingamwili pungufu vitageuka bluu mbele ya macho yako. Vyenye kutosha vitabaki vyekundu. Soma kwa 525 na 620 ili macho yasibishane. Kiasi kidogo kabisa kilichobaki chekundu, ukiongeza sehemu ya tano juu yake, ndicho cha kutumia; mara nyingi huangukia kati ya maikrogramu 5 na 15 kwa mililita. Jaribio hili hugharimu sehemu ndogo sana ya kingamwili, na hakuna somo la vitabuni linalofundisha kemia ya koloidi kwa uwazi kama vichupa hivyo. Baada ya hapo changanya kiasi kikubwa kwa dakika 30, ongeza albumini ya damu ya ng'ombe ifike asilimia 1 ili kuziba nafasi tupu, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya karibu mara 5,000 ya mvutano wa dunia kwa dakika 20 hadi 30, mwaga maji ya juu, na uyeyushe mashapo katika sehemu ya kumi ya ujazo wa awali wa bafa ya borati yenye albumini. Mashapo mazuri ni laini kama mafuta na huyeyuka kwa kupigwapigwa kidogo. Yakiwa kipande kigumu cheusi kilichong'ang'ania ukutani, mzunguko ulikuwa mkali mno au kingamwili ilikuwa pungufu.

Kuunganisha ukanda hakuhitaji mashine kwa ajili ya mafunzo. Kingamwili ya mstari wa T huwekwa kwenye utando wa nitroselulosi kwa miligramu 0.5 hadi 1 kwa mililita, maikrolita moja hivi kwa kila sentimita, kisha hukaushwa kwa nyuzi 37. Dhahabu yenye sukari ya asilimia 5 hadi 10 hukaushwa kwenye pedi ya nyuzi za glasi. Sukari ndiyo inayoiwezesha kuachia mara majimaji yakifika. Pedi zipandiane kwa milimita 2. Zikiachana, majimaji husimama. Zikipandiana kupita kiasi, hufurika juu ya utando. Usiguse utando kwa vidole, mafuta yake huacha madoa meupe ambamo majimaji hayapiti. Utando unaopitisha majimaji polepole hutoa muda zaidi wa protini kushikwa, hivyo huona kiasi kidogo zaidi, ila usuli wake huwa mwekundu zaidi. Mtengenezaji huchagua kati ya hayo mawili.

Aliyeyafanya haya kwa mikono yake haulizi tena kwa nini pakiti ya mRDT isifunguliwe mapema: hewa yenye unyevu huiamsha dhahabu iliyokaushwa na kuidhoofisha kingamwili. Anajua kwa nini maji ya bomba yasitumike badala ya bafa: bafa ina chumvi na sabuni maalumu zinazozuia dhahabu kung'ang'ania T pasipo protini, na ikikosekana mstari wa uongo huweza kutokea. Bafa ya kampuni nyingine ni kosa lilelile. Anajua pia kwa nini muda wa kusoma ulioandikwa kwenye kipeperushi uheshimiwe, maana ukanda ukianza kukauka majimaji hurudi nyuma na kuacha kivuli mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Yapo mapungufu ambayo si ya dhahabu wala ya mtumiaji, na wasomaji wanastahili kuyajua. HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo kipimo chanya kwa mtu aliyetibiwa karibuni hakimaanishi dawa imeshindwa. Protini ikizidi mno, huijaza kingamwili ya dhahabu na ile ya T kila moja peke yake, hakuna daraja kati yao, na mstari hufifia kwa mgonjwa mwenye vimelea tele. Damu ikizimuliwa mara 10 mstari hurejea. Na kuna vimelea vilivyopoteza jeni la HRP2 kabisa. Viligunduliwa kwanza Peru, na Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linaelekeza nchi kubadili vipimo pale ambapo majibu hasi ya uongo yatokanayo na upotevu huo yanafikia asilimia 5. Suluhisho hapo ni kusaka protini nyingine, pLDH, na hata uongeze dhahabu kiasi gani haitasaidia.

Je, uwezo wa kuona protini kidogo zaidi unaweza kuongezwa kwa madini na mwanga? Unaweza, na hapa ndipo tunapotaka wanafunzi wa shahada wafike. Njia nyepesi ni kumwagia ukanda uliokwisha kutumika ayoni za fedha pamoja na haidrokwinoni: fedha hujijenga juu ya chembe za dhahabu na mstari uliofifia unakuwa mweusi. Kasoro yake ni kwamba kloridi iliyomo kwenye bafa na damu hugeuza fedha kuwa chumvi nyeupe, kwa hiyo ukanda usuuzwe kwanza kwa maji safi. Na dakika zikizidi, fedha hujijenga penye kitu na pasipo kitu. Njia nyingine, iliyochapishwa mwaka 2012 na de la Rica na Stevens, hutumia kimeng'enya kinachokula haidrojeni peroksaidi ili dhahabu ikue taratibu na kugandana palipo na protini, na haraka pasipo nayo. Kisima cha sahani ya kupimia kinakuwa bluu penye protini au chekundu pasipo nayo, na protini ya p24 ya VVU huonekana kwa jicho tupu kwa viwango vya chini mno. Ni njia ya kuvutia, lakini inadai usafi wa vyombo na peroksaidi iliyopimwa upya kila siku, kwa kuwa peroksaidi hupungua nguvu ikikaa.

Njia ya tatu ni mng'ao wa floresensi karibu na madini. Rangi ing'aayo ikikaa kwenye umbali unaofaa kutoka kwa chembe ya fedha au dhahabu, mng'ao wake huongezeka, kwa sababu madini hukusanya mwanga unaoingia na kuisaidia rangi kuutoa upesi. Umbali ndio kila kitu. Rangi ikigusa madini au kuwa chini ya nanomita 5 hivi, nguvu yake hunyonywa na inazimika. Ongezeko hupatikana kati ya nanomita 5 na 20 hivi, kisha hupotea kadiri unavyokwenda mbali. Bahati nzuri ni kwamba kingamwili, protini na kingamwili ya pili zikipangana juu ya madini huleta umbali wa karibu na huo zenyewe. Ukubwa wa chembe nao una kauli: chembe ndogo humeza mwanga kuliko kuutawanya, kwa hiyo huzima, kubwa hutawanya zaidi, kwa hiyo huongeza. Mwanafunzi akichukua dhahabu ya nanomita 10 akitarajia mng'ao kupanda, atauona ukishuka, na hilo si kosa la pipeti.

Tahadhari yetu kwa wanunuzi wa mashine za kusomea vipimo hivi ni moja. Muuzaji akisema kifaa kinaongeza mng'ao mara 10, ulizwe visima visivyo na protini navyo vimepanda mara ngapi. Madini huongeza mng'ao wa plastiki, wa nitroselulosi na wa kingamwili iliyojibandika pasipotakiwa. Kiwango cha chini kinachopimika hutokana na wastani wa visima vitupu ukiongeza mara 3 ya mtawanyiko wake. Visima vitupu vikipanda sawasawa na vyenye protini, hakuna kilichopatikana. Aulizwe vilevile kama jaribio lilifanywa kwa bafa safi au kwa damu. Himoglobini humeza mwanga karibu na nanomita 415, 540 na 577, na hizo mbili za mwisho zinaingiliana na kilele cha dhahabu. Kifaa kinachosoma ukanda ambao damu haijaondoka vizuri kitaihesabu damu kama dhahabu.

Kuhusu gharama: dhahabu si kikwazo. Mililita 100 tulizozieleza zina dhahabu miligramu 5 tu, na kwa maikrolita 10 za majimaji yaliyokolezwa kwa kila ukanda zinatosha kanda zipatazo 1,000. Spektrofotomita, jiko lenye kichanganyio, sentrifuji ndogo na kabati la nyuzi 37 tayari vimo katika maabara nyingi za vyuo. Kinachogharimu ni kingamwili. Kwa mafunzo, wala haihitajiki kugusa damu ya mgonjwa au kingamwili ya malaria: protini ya kutafutwa iwe imunoglobulini ya sungura, na kingamwili yake iwe ya mbuzi dhidi ya sungura, ileile kwenye dhahabu na kwenye mstari. Ni rahisi kupatikana, haina hatari ya maambukizi, na mwanafunzi anaweza kuizimua kutoka maikrogramu 10 kwa mililita kushuka chini mpaka mstari upotee machoni, kisha apande juu mpaka aone mstari ukififia kwa wingi wa protini. Vipindi vitatu vya saa tatu vinatosha: cha kwanza dhahabu, cha pili jaribio la chumvi na kubandika, cha tatu ukanda na usomaji.

Tunaiomba NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, kwa ngazi ya stashahada, na TCU, tume ya vyuo vikuu, pamoja na vyuo vikuu vyenyewe kwa ngazi ya shahada, waliingize zoezi hili kwenye mitaala ya sayansi ya maabara za tiba katika mapitio yajayo. Chuo ambacho hakiwezi kusubiri mapitio hayo kinaweza kuanza muhula huu na kipindi cha kwanza na jaribio la chumvi peke yake, kwa kutumia albumini badala ya kingamwili, kwa kuwa nayo huikinga dhahabu isigeuke bluu. Mabaki yote ya dhahabu yakusanywe kwenye chupa moja iliyoandikwa, yasimwagwe kwenye sinki. Yenye fedha yawekwe mbali na amonia, kwa sababu vikikaa pamoja huweza kuunda kitu kinacholipuka.

Wakufunzi wa maabara za tiba,
Morogoro